Kwa Wolfgang, Namba Nne wa Gitting: Kuhusu Goti Lako

Mwaka mzima umetimia, Wolfgang, tangu ulipotutoka tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanaume, ukiwa na miaka thelathini na tisa. Naandika mimi mama yako kwa niaba ya familia. Baba yako alijaribu kwanza. Alikaa na kalamu siku mbili, akaandika jina lako na tarehe, kisha akanipa karatasi. "Malizia, Genoveva. Wewe ndiye msomi."

Wengi watakaosoma hapa wanakujua kama Geti. Jina hilo ulilipata kabla hujavaa jezi yoyote, kwenye josho la Gehandu, nilipokuwa afisa mifugo huko. Ulikuwa darasa la tano. Kila Jumamosi nilikwenda nawe, kwa sababu ukibaki nyumbani ulivunja vitu. Kazi yako ilikuwa kuzuia ndama wasichepuke kabla ya kuingia kwenye maji ya dawa. Siku ya kwanza uliwakimbiza mpaka ukatapika. Nikakuambia, "Ndama hakimbizwi. Usimwangalie kichwa, atakudanganya. Angalia nyonga. Zinakoelekea ndiko anakokwenda. Wewe tangulia, usimame hapo."

Wiki iliyofuata hakuchepuka hata mmoja. Mzee Gidahosh, aliyekuwa ameleta ng'ombe wake sabini, akaniita pembeni. "Mama, huyu mtoto unamuuza? Boma langu halina geti."

Ukabaji wote uliocheza baadaye ulitoka pale. Ulicheza miaka kumi na mmoja Babati, namba nne, na pembeni yako namba tano alikuwa Nicodemo wa Dongobesh. Mlipanga chumba kimoja, mlikula sahani moja, mligombana kuhusu sabuni. Katika miaka hiyo yote ulifunga magoli mawili, na moja kati ya hayo ulijifunga. Hukuwahi kupewa kadi nyekundu. Kuhusu mbio, kila mshambuliaji alikuwa anakuzidi, na wengi wao walishangaa kukukuta umeshafika.

Mwaka 2011 goti la kushoto liliumia kwenye uwanja wenye mawe huko Singida. Daktari alikuambia upumzike miezi sita. Ulipumzika wiki tano.

Ulipoacha kucheza ulirudi nyumbani ukawa kocha wa timu yetu ya Gitting. Ulikuwa kocha mzuri. Jumatatu mabeki wako hawakugusa mpira kabisa. Ijumaa uliwaleta joshoni, watu wazima wenye ndevu, wasimame mbele ya ndama kama ulivyosimama wewe. Mzee Gidahosh hakuchoka kuniuliza, "Mama Wolfgang, na hawa tuwaogeshe? Naona yule mrefu ana kupe." Ulicheka kuliko wote.

Watu walisifu kwamba hukai wakati wa mechi. Dakika tisini ulisimama kwenye mstari, mikono nyuma. "Kochi ana moyo," walisema. Moyo ulikuwa nao. Lakini ulisimama kwa sababu ukikaa kwenye benchi ulikuwa huwezi kuinuka bila kushikwa mkono.

Desemba 2023, matope yalipoteremka mlimani hadi Jorodom, uliacha mazoezi ukaenda na timu nzima kuchimbua waliofukiwa. Siku ya pili Nicodemo, wakati huo kocha wa Dongobesh, alishuka kwenye Fuso na vijana wake na majembe. Mlichimba siku nne bega kwa bega. Hili naliandika ili watu wakumbuke yeye ni nani.

Sasa kuhusu goti lako.

Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo na nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Hata baada ya kustaafu sanduku la dawa limebaki stoo, kwa sababu majirani bado wananiita. Mwaka 2018 niliona dawa ya maumivu ya ng'ombe inapungua na sijamchoma ng'ombe. Nikachora mstari kwa kalamu kwenye kichupa. Baada ya wiki mbili dawa ilikuwa chini ya mstari. Nikakuuliza, "Wolfgang, nani anaumwa kwenye zizi letu?"

"Ni mimi, mama. Si ulisema mimi ndiye ndama wako wa kwanza?"

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilibadilisha kufuli nikadhani nimemaliza. Wewe ukawa unakwenda duka la dawa za mifugo, unasema, "Nimetumwa na mama." Walikupa. Jina langu linaaminika. Ulijichoma sindano ya ng'ombe kabla ya kila mazoezi na kila mechi kwa miaka saba, na mimi, ingawa nilihisi, sikuuliza tena.

Tarehe 9 Februari mwaka jana mlicheza na Dongobesh hapa Gitting. Beki wako Joakimu alimvunja mguu mshambuliaji wao. Ilikuwa rafu mbaya, nami nilikuwepo. Nicodemo alivuka uwanja akakujia. "Hivyo ndivyo unavyowafundisha? Kuvunja watoto wa watu?"

Ulitakiwa kuomba radhi. Ulisema, "Rudi kwenye mstari wako, namba tano. Umezeeka, unaona vibaya."

Nicodemo akanyoosha mkono kwenye jua, kama wazee wetu wanavyofanya wanapomlaani mtu. Akasema mbele ya uwanja mzima, "Jua linakuona, Wolfgang. Msimu huu huumalizi." Wewe ulicheka.

Wiki tatu baadaye miguu yako ilivimba. Mbuzi akivimba hivyo namwona siku hiyohiyo. Wewe nilikuambia ni kusimama sana. Ulipoacha kupata mkojo tukakupeleka hospitali. Daktari akauliza umetumia dawa gani za maumivu na kwa muda gani. Ukanitazama. "Mwambie, mama." Nikamwambia jina la dawa na miaka. Aliweka kalamu chini. Figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Ulikaa siku tisa.

Hayo alijua daktari, nilijua mimi, alijua mkeo Fausta. Watu wengine wote walijua la Nicodemo. Msimu ulikuwa bado una mechi nne.

Siku ya tatu ya msiba, kwa ushauri wa wazee, Nicodemo alikuja na kondoo na kibuyu cha asali ili ayarudishe maneno yake. Nilikuwa mlangoni. "Shikamoo mama," akasema. "Nimekuja kuyameza niliyosema." Kama ningepokea kondoo, ningekuwa nimekubali kwamba laana ndiyo iliyokuua. Nilijua si kweli. Lakini kumwambia kwa nini si kweli ilikuwa kusema mbele ya waombolezaji kwamba dawa ilitoka kwenye sanduku langu. Kwa hiyo sikusema neno. Nilifunga mlango, naye akabaki uani na kondoo wake.

Watu waliona mama wa marehemu amekataa kupatanishwa, wakaelewa wanavyoelewa. Timu ya Dongobesh ikamwondoa ukocha. Kanisani benchi analokaa linabaki na yeye na mkewe tu. Watoto wake hawaalikwi kwenye kipaimara cha wenzao. Mwaka mzima. Ulimi wake ulikuwa wa dakika moja, na ukimya wangu ulikuwa wa miezi kumi na miwili. Nimepima mwenyewe kipi kimemuumiza zaidi.

Januari hii nilikuwa nachanja ng'ombe wa Mzee Gidahosh. Joakimu alikuja anachechemea. Sasa jezi namba nne ni yake. "Shikamoo mama. Samahani, ile dawa ya Kochi, bado unayo?"

"Nani alikuambia kuna dawa ya Kochi?"

"Tulikuwa tunamwona akijichoma, mama. Alikuwa anapona palepale."

"Hakuwa anapona. Alikuwa hasikii maumivu. Ninayo, Joakimu, na ndiyo iliyomuua."

Mzee Gidahosh alikuwa ameshika pembe za fahali. Hakuziachia. "Kumbe," akasema. "Na yule mtu wa Dongobesh?"

Kesho yake nilipanda basi kwenda Dongobesh. Nicodemo alikuwa anapalilia viazi. Aliponiona alisimama palepale na jembe lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikuja kunywa chai."

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa mpangilio huuhuu. Nilipomaliza akakaa chini kwenye tuta.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Ulikuwa na mdomo mchafu, lakini si wewe."

"Mama, mimi mwenyewe niliamini ni mimi. Kila asubuhi jua likitoka nafumba macho."

Nilimwomba radhi. Sijazoea, kwa hiyo nilisema mara moja tu, lakini nilisema vizuri. Alikubali. Akauliza kama goti lako lilikuwa linauma hata Babati, nikamwambia ndiyo. "Alikuwa ananiambia ni baridi," akasema. "Miaka minne nilimwachia blanketi langu." Baadaye akasema yule kondoo bado anaye, na amezaa pacha. Nikamwambia awatunze, hakuna cha kurudisha. Chai nilikunywa.

Wolfgang, najua ungependa yasiandikwe. Ulipenda watu waamini huumwi. Lakini kuna mtu aliye hai anayebeba kifo chako, na kuna beki anayechechemea anayetaka kukufuata. Kati ya sifa yako na hao wawili nimechagua hao wawili. Ungekuwa na nafasi ya kufikiri, ungesimama hapohapo niliposimama mimi.

Kwa hiyo wote waliomsikia Nicodemo uwanjani, na waliosimuliwa na waliosikia, wajue: Wolfgang aliuawa na dawa ya mifugo, iliyotoka kwanza kwenye sanduku langu na baadaye dukani kwa jina langu. Kwenye maduka yote ya dawa za mifugo mjini Katesh nimepita mwenyewe nikasema sitamtuma mtu tena. Ufunguo wa sanduku nimeuvaa shingoni. Joakimu amekwenda kupigwa picha ya goti na amekatazwa mpira hadi Juni. Amenuna. Anune.

Misa ya kumbukumbu itakuwa Jumamosi tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, kanisani kwetu Gitting. Nicodemo na mkewe watakaa benchi la mbele, kati yangu na baba yako. Atakayeona vibaya aje aniulize mimi, asimuulize yeye. Saa tisa alasiri Gitting itacheza na Dongobesh. Kwa siku hiyo Nicodemo ndiye atakayesimama kwenye mstari wako.

Unakumbukwa na baba yako Basili, mimi mama yako Genoveva, mkeo Fausta, wanao Herman na Marieta, ambaye ameanza kukaba wenzake shuleni na hakimbizi mtu, dada yako Violeth, Mzee Gidahosh wa Gehandu, wachezaji wako wote, na Nicodemo, namba tano wako.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Mechi imeisha, Wolfgang. Sasa kaa chini.