Skrubu ya Kigurudumu Changu

Shoga, kwanza niliona skrubu. Ile inayobana kigurudumu cha mshipi wangu ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, ilhali asubuhi nilikuwa nimeilegeza mwenyewe ili chambo kishuke chenyewe.

Niliiona pale nilipojaribu kushusha. Chambo kikaning'inia juu ya shimo tulilotoboa kwenye barafu ya ziwa, hakiendi.

Verlyn akacheka mle kwenye kibanda cha kuvulia, mbele ya ami zake. "Jamani, mchumba wangu hata kushusha mshipi hawezi! Mpenzi, wewe pasha kahawa tu." Ami Orrin naye, kuona nimeshika bisibisi: "Binti, bisibisi inashikwa kwenye mpini!" Wakacheka wote, Lorna. Wote!

Nikailegeza tena, nikajaribu, chambo kikateremka vizuri mpaka chini. Nikatoka kuondoa barafu kwenye shimo la nje. Kugeuka, namwona Verlyn mlangoni ameinamia fimbo yangu ya kuvulia, anakaza skrubu. Kwa bisibisi yangu. ANAKAZA!

Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Hata hakushtuka. "Jana ulinishinda kuvua samaki mbele ya wazee. Mke wangu hatanifanyia hivyo."

Hatanifanyia hivyo! Na mimi msimu mzima, kila chambo kikikwama, najilaumu kwamba mikono yangu mizito.

Nimechukua fimbo yangu, nimevuka ziwa kwa miguu mpaka dukani kwa wauza chambo. Anapiga simu, sipokei. Njoo unichukue.

Na hili sijawahi kulitamka kwa mdomo wangu: mimi najua kuvua kuliko yeye, na simtaki.