Nguo za Mtoto Zilizokaa Sandukuni

Kambi ya Wachimbaji,
Geita.
9 Machi, 1958.

Mpendwa mdogo wangu Serafina,

Pokea salamu nyingi za dada yako. U hali gani, na huo mzigo uliobeba waendeleaje? Shemeji Valerian hajambo na kazi ya bandarini? Sisi huku tu wazima, ila mama kule Tinde magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Anakuombea kila jioni.

Barua yako ilifika, wabeja, asante sana. Nimecheka uliposema kwamba Dar es Salaam mtu akitoka kuoga jasho linamtoka kabla hajajifuta. Hilo gauni la nailoni ulilonunua liweke la kupigia picha. Joto la pwani linataka pamba: bafta, khanga iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa, nguo isiyobana kwapani. Shemeji naye aachane na suruali nzito za kaki siku asizokwenda kazini.

Nguo yenye jasho usiilundike kapuni. Itashika ukungu, na madoa yake meusi hayatoki hata kwa sabuni ya mche. Ifue siku hiyo hiyo, na masika yakificha jua ianike ndani penye upepo, kisha uipige pasi mpaka ikauke kabisa. Wanga usizidishe, mende wanaupenda.

Sasa nisikilize vizuri. Kilichonifanya nishike kalamu leo ni yale maneno yako ya mwisho, kwamba nguo za mtoto umekwisha zipanga kwenye sanduku la bati pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo.

Jirani yangu Paskazia, mke wa Stanslaus mchimbaji, alijifungua mwezi uliopita mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti. Wakamwita Eustace. Nguo zake zilikaa na vidonge hivyo tangu mimba ikiwa changa, na alipozaliwa alivikwa vivyo hivyo bila kufuliwa. Harufu ungeisikia tangu mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia mzazi. Haikupita wiki, nepi zikaanza kuja na mkojo wa rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Nikamwita Paskazia, tukamsogeza mtoto dirishani. Macho yalikuwa manjano, na midomo haina damu.

"Tumpeleke hospitali," nikasema.

Shangazi yake Stanslaus, anayekaa nao, akakataa. "Kuna mtu hapa kamtupia jicho mtoto wetu," alisema, huku akiitazama nyumba ya bibi Ghati, ajuza asiye na ndugu. Akatuma watu kumfuata mganga kule Masumbwe. Tukangoja. Mtoto akaacha kunyonya. Stanslaus alipotoka shimoni na kumwona mwanawe, hakumsikiliza mtu tena. Alimfunga kifuani, tukashika njia ya hospitali ya misheni.

Sista aliyetupokea aliinua shali aliyofunikwa mtoto, akainusa. "Nguo hizi zilikuwa zimewekwa na nini?" Paskazia akamweleza. Sista akamvua mtoto kila kitu, akamfunika kwa shuka ya hospitali. Alisema wako watoto ambao damu yao haistahimili dawa ile, inaharibika mwilini, wala hakuna jicho linaloweza kumtambua mtoto wa namna hiyo mapema. Eustace alifariki asubuhi yake, mikononi mwa baba yake.

Hayakuishia makaburini. Paskazia hakutaka tena kuliona lile sanduku, na shangazi, bila kumwuliza mtu, akazifunga nguo zilizobaki na kuzipeleka Songwa kwa binti yake mjamzito. Nilipomwuliza alinijibu, "Nguo nzuri hazitupwi, Klara. Kilichomwua mtoto tunakijua." Stanslaus alipopata habari aliondoka kuzifuata, tangu Jumatano. Hajarudi. Bibi Ghati naye hathubutu kwenda kisimani peke yake.

Mdogo wangu, toa vidonge hivyo vyote uvifukie mbali na nyumba. Zifue nguo kwa maji ya moto, uzianike juani tena na tena, mpaka usisikie harufu hata ukizamisha pua ndani yake. Isiyokubali kutoka harufu, iache. Nondo na mende utawapunguza kwa kulisafisha sanduku na kulifungua jua likitoka. Na uchungu ukikuwahi kabla hujamaliza, mpokee mtoto kwa khanga yako uliyovaa. Asione haya shemeji mbele ya wageni. Mwambie nimesema mimi.

Mama anakusalimu, na kaka Ignas na wanawe. Nisalimie wifi Philomena. Mwambie asikuache peke yako siku hizi. Mungu akufungue salama, akupe mtoto wa kukuzika.

Dada yako akupendaye daima,
Klara

Nimeifungua tena bahasha. Stanslaus amerejea sasa hivi. Binti wa Songwa alikuwa amekwisha jifungua, na mtoto amekwisha vikwa. Wamemkimbiza hospitali, macho yameanza kugeuka rangi. Shangazi amekaa chini nje ya mlango wangu. Serafina, lifungue sanduku leo.