Barafu Kwenye Mashine ya Joto

Dada Rukia,

Shikamoo. Naanza hapa kwa sababu siku ile sikukuamkia. Nilikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mteja, mtaa wa Shika Adabu, simu nimeibana kwa bega, na wewe huko Kanada ulikuwa na swali la haraka. Nikakujibu kama ninavyowajibu wateja.

Ile picha uliyonitumia ningali nayo. Ni kile kipande cha nje cha mashine yenu ya kupashia nyumba joto, kimeganda barafu nyeupe mbele nzima. Ulisema kuna wakati inapuliza hewa isiyo na joto, halafu inafuka moshi kule nje, halafu inatulia. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Ukacheka. "Haya fundi wangu, nieleze. Mashine ya joto inaganda barafu!"

Mimi sikucheka. Mimi nilijua. Miaka kumi na miwili nafunga na kutengeneza viyoyozi Likoni na Changamwe, na huku kwetu ukiona barafu kwenye mabomba, gesi imepungua. Hata aliyeanza kazi jana analijua hilo. Nikakwambia, "Zima, Dada. Zima kwenye swichi kubwa. Gesi imekwisha, ukiiacha itaua kompresa." Nikaongeza kwamba hata ikiwa nzima, mashine ya namna hiyo haina lake kwenye baridi kama ile, kwani joto italitoa wapi? Sijaona theluji maishani mwangu, Dada, na bado nilisema hayo kwa sauti ya mwalimu.

"Basi nazima," ulisema. "Shemejiyo simwambii. Yuko mbali kazini, nisimtie wasiwasi bure."

Njia zilizibwa na theluji na fundi wa huko akakupa siku ya mbali. Ukahamia chumba kimoja na kile kihita kidogo cha kuchomeka ukutani. Kwenye sauti ulizonitumia nilikisikia kifua chako, ile pumu yako ya utotoni, kikikoroma katikati ya maneno. "Nimevaa majaketi mawili na leso ya Mama juu," ulisema. Nikakujibu uvumilie, gesi ikitiwa utaona mabadiliko. Wallahi hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Gesi ikitiwa.

Kifua kilipokuzidia ukalazwa, na Shemeji Salimu alikuwahi hospitalini siku moja tu kabla hujafariki. Umezikwa huko huko, kwenye ardhi iliyobidi ichimbwe kwa mashine kwa vile ilikuwa imeganda. Sisi tukakusomea hitima hapa nyumbani. Mama aliuliza kama kaburi lina baridi.

Wiki iliyofuata Shemeji akanipigia. Fundi alikuja, akapima. Gesi ilikuwa imejaa. Mashine nzima haina kasoro. Ile barafu, fundi alimwambia, ni jambo la kawaida kabisa kwenye baridi. Mashine hujigeuza yenyewe kwa dakika chache, huiyeyusha, ukaona mvuke ukadhani ni moshi, kisha hurudi kazini. Imeundwa kwa baridi ya huko. Baridi ikizidi hutoa joto pungufu, ila hutoa, maana hata hewa ile ina joto lake la kuvutwa. Wakaiwasha asubuhi. "Kufika alasiri," Shemeji akasema, "nyumba nzima ilikuwa na joto, bwana. Nilivua sweta." Halafu akalia.

Akaniuliza, "Kwa nini aliizima, wewe unajua?" Nikasema sijui.

Nimeiandika hiyo sentensi na bado nipo. Nilisema sijui, Dada. Mimi, ambaye sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mashine yoyote.

Daktari alisema kifua chako kilikuwa kibovu tangu zamani. Labda ungeondoka hata nyumba ingekuwa na joto. Nalishika hilo "labda" kila siku, na kila siku linaniponyoka.

Lakini hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Shemeji ameamua mwenyewe jibu lake. Anasema kabla hajasafiri alikunung'unikia kuhusu umeme, kwamba mashine inakula sana, na wewe ukaizima ili kumridhisha. Anaamini amekuua. Amemwambia na Mama hivyo hivyo, kwa simu, akiomba radhi. Tangu siku hiyo Mama hapokei simu yake. "Yule bahili," anasema, "kamgandisha mwanangu." Halafu ananigeukia mimi na kunipapasa kichwa. "Lau ungekuwa karibu, mwanangu, ungemtengenezea." Na mimi nakula chakula chake.

Unakumbuka friza ya Mama, ile tuliyouzia barafu za ukwaju? Nilikuwa na miaka tisa. Nikaichokonoa kwa kisu niitoe barafu iliyoganda pembeni, nikatoboa bomba, gesi ikalia fyuu mpaka ikaisha. Mama akaita kutoka uani, nani kafanya hivi? Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ukaitika wewe: "Abee, Mama. Ni mimi." Ukachapwa, biashara ikafa, na hukunitaja hata siku moja. Ulinitania tu, ukiniita fundi. Jina likanikaa mpaka likawa kazi.

Sasa yuko mtu mwingine anayechapwa kwa ajili yangu, na safari hii hakujitolea.

Shemeji anafika kesho, anakuja kumwona Mama. Mama amesema hatampikia, atamwacha akae barazani na maji ya mfereji. Nitampokea mimi kivukoni Likoni. Nitamleta mpaka ndani, nitawakalisha wote wawili, na kabla mtu hajagusa chai nitawaonyesha ile picha na kuwasikilizisha sauti zako. Zote, pamoja na ile niliyokujibu. Huenda Mama asinipapase tena kichwa. Nimelikubali hilo, au nimejaribu.

Lala, Dada. Mungu akupe joto ambalo mimi nilikunyima. Na Mama akiuliza kesho nani kafanya hivi, hutaitika wewe, hataitika Salimu.

Naam, Mama. Ni mimi.

Mdogo wako,
Athumani