Barua ya Kaka Kutoka Hispania

Kijijini Ipyana, Jumanne

Barua imefika leo, siku tatu baada ya kumzika mama.

Kaka Asifiwe yuko Hispania kwenye mafunzo ya kusindika kakao. Mama alikuwa haisikii tena simu, masikio yalishaziba, ndiyo maana kaka alimwandikia.

Nilikaa nje ya posta nikaifungua. Sikupaswa, lakini nilishindwa kujizuia.

Alikuwa amemwandikia mama maneno aliyojifunza ili aweze kutuma barua mwenyewe. Quisiera enviar esta carta, ningependa kutuma barua hii. Un sello, por favor, stempu moja, tafadhali. ¿Cuánto tarda?, itachukua muda gani? Posta ya huko wakamwambia wiki mbili. "Jifunze, mama, nikirudi tuongee."

Jioni nikampigia. "Kaka, ile barua imefika."

Akauliza, "Umeifungua?"

"Nimeifungua. Nisamehe."

"Soma tu. Ila kuna kitu sikuandika. Yule dada wa posta aliniuliza barua ni ya nani. Nikamwambia, para mi madre. Ya mama yangu. Nilitamka vizuri, mdogo wangu, hakunisahihisha hata kidogo."

Hapo akaanza kulia.

Tangu nilipompa habari za msiba sikuwa nimemsikia akilia, hata alipoambiwa hatawahi mazishi. Leo alilia mpaka simu ikakatika. Nimejaribu tena, haipokelewi.

Naogopa. Sisi hapa tunaliliana, lakini yeye huko hana hata mtu wa kumshika mkono.