Pumzi Ndani ya Bilauri za Arusi

Korogwe

Mdogo wangu Agnesi,

Hujambo huko Vugiri? Huku jua linachoma kweli. Bilauri zako mbili za arusi nimezipata, zimechanua kama yungiyungi. Mzee aliyezipuliza kutoka kioo cha moto amefariki; mjane wake ndiye aliyenikabidhi. Akanionyesha kiputo kwenye shina la moja. "Hiyo pumzi yake ya mwisho, mwanangu. Alipuliza, akaanguka." Nikadhani ni uchungu wa msiba. Lakini kwa joto lote hili, kila nikifunua kanga niliyozifungia, ile yenye kiputo ina ukungu kwa ndani, kama imehemewa. Naufuta, unarudi.

Mungu akupe ndoa yenye amani, mdogo wangu. Kunyweni, ila msizigonganishe. Ikivunjika, sijui yule mzee atahamia kwa nani.

Dada yako,
Marta