Chuma cha Gari la Muthama

Makindu,
Jumanne, 14 Agosti 1979

Dada yangu mpendwa Ndinda,

Pokea salamu nyingi zangu, za Mbula na za mtoto. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na mguu wa Mwaitu, mama yetu, umepungua uvimbe. Sisi huku hatuumwi, ila vumbi la mwaka huu limetuzidi, hata uji tunaunywa nalo. Mtoto ameota jino la pili na ameshaanza kulitumia vibaya kwenye kidole changu. Je, mahindi mmemaliza kuvuna? Na yule ng'ombe mkorofi ameacha kumpiga mwenye kumkamua?

Umezoea barua zangu za nusu ukurasa, na najua ukiona hizi karatasi utauliza ni nani aliyenifunga kwenye kiti. Hakuna aliyenifunga. Ni Jumapili ile tuliyokuja Kikima mtoto aombewe kanisani. Ulinichinjia kuku, nami nikaondoka bila kula, nikakwambia tumbo linanisumbua. Tumbo halikuwa na shida yoyote, dada. Nilishindwa kukaa meza moja na Muthama, mume wako.

Uliona mwenyewe Muthama aliposimama mbele ya watu. Alisema amebeba kifo cha Mzee Ndolo mwaka mmoja na nusu, na sasa anataka kutubu wazi. Akasema lazima alisinzia kwenye usukani. Hakumbuki kusinzia, lakini kila akijaribu kuikumbuka ile kona ya mteremko wa Mbooni anajiona akifumba macho. Mjane wa Mzee Ndolo akatoka kwenye benchi akamshika mkono, pasta akaomba, na kanisa zima likasema amina. Nami nilisema amina. Nilikuwa safu ya pili, nimevaa tai yangu ya bluu, na niliisema kwa sauti.

Nataka nikukumbushe mambo yalivyokwenda, maana pengine kila mtu kwenu ameyashika kwa namna yake. Siku ya ajali, Muthama alimwambia polisi kwamba usukani ulivutwa ghafla upande wa kushoto, akakanyaga breki, na lori likaenda bondeni na magunia yote ya maharagwe, Mzee Ndolo akiwa amekaa kando yake. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza, na hakuyabadilisha wiki nzima. Hakunywa, hakukimbiza gari. Ulikuja hospitalini ukayasikia.

Kisha polisi wakaja kwenye karakana yetu, kwa sababu lori lilikuwa limekaguliwa kwetu siku nne tu kabla ya ajali, na mkaguzi nilikuwa mimi. Waliniletea stabaksel ya mbele, kile chuma kifupi kinachoshika gurudumu, kikiwa vipande viwili. Wakaniuliza kama kilivunjika kwanza ndipo gari likaanguka, au gari lilianguka ndipo kikavunjika. Nikajibu kwamba kilivunjika kwa kugonga mwamba. Wakaandika. Wakaacha vipande pale pale, maana mtaalamu ameshasema.

Muthama alipoambiwa neno langu, hakubisha. Ulinieleza mwenyewe kwamba alisema kama Kisilu amesema chuma kilikuwa kizima, basi kilikuwa kizima, na kosa ni lake. Mahakamani akakubali shtaka bila kupinga, wakamnyang'anya leseni. Mtu aliyekuwa akipeleka malori mpaka Mombasa leo anachimba matuta kwenye mashamba ya watu. Aliniamini mimi kuliko mikono yake mwenyewe iliyoshika usukani. Dada, hilo ndilo linaloniua.

Sasa vumilia nikueleze kazi yangu, ambayo siku zote umeicheka ukiniita daktari wa vyuma. Chuma kinaweza kuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, na ukikivunja kuutafuta umeshakiharibu. Kwa hiyo tunakisafisha mpaka kisiwe na tone la mafuta, tunakipaka rangi nyekundu nyepesi kama maji, tunasubiri dakika ishirini. Rangi inaingia popote penye ufa. Tunafuta iliyobaki juu, tunanyunyiza poda nyeupe, halafu tunakaa tukitazama. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha ndani inatoka polepole na kuchora mstari mwekundu kwenye weupe. Macho ya mtu yanaweza kudanganywa, lakini rangi ile haina ndugu wala rafiki.

Ijumaa ile nilikagua lori la Muthama. Unakumbuka kesho yake ilikuwa siku gani. Ilikuwa siku ya kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, kwa kina Mbula, na lori la kuwabeba pamoja na wazee wetu ni hilo hilo. Wazee wa upande wao walikuwa wameshaitwa, pombe ya wale wasiookoka imeshapikwa, na baba yake Mbula alikuwa amesema wazi kwamba nisipotokea Jumamosi asilaumiwe, kwa sababu kulikuwa na mwalimu kutoka mji wa Wote aliyekuwa akimuulizia binti yake. Stabaksel mpya ingetoka Nairobi wiki ijayo, tena kwa bahati.

Nikanyunyiza poda. Ukaonekana mstari, kwenye kona pale chuma kinapokunjika, mfupi kama ukucha. Nikajiambia ni vumbi. Udongo wetu ni mwekundu, unaujua, unaingia kila mahali, na hata Bwana Jonah msimamizi wetu ameshawahi kudanganyika hivyo akatupa chuma kizuri. Nikachukua kitambaa nikafuta. Kwa muda mrefu hii ndiyo hadithi niliyojisimulia, kwamba nilikosea, kwamba ardhi ya Ukambani ilinichezea. Ningekuandikia hivyo, ungenisamehe kabla ya chai kupoa.

Lakini sikuishia hapo. Baada ya kufuta nilinyunyiza poda mara ya pili. Vumbi ukilifuta limekwenda, halirudi. Nilisimama pale nikiutazama ule mstari ukirudi, mahali pale pale, urefu ule ule. Nilijua. Nikaufuta tena, nikapaka grisi juu yake, nikaandika "sawa" kwenye kadi na kutia sahihi yangu. Nilijiambia ni safari moja tu, Jumatatu nitamwita Muthama alirudishe. Jumatatu nilikuwa bwana harusi mtarajiwa, nanunuliwa soda na kila mtu, na sikumwita. Jumanne gari likaanguka.

Na vile vipande walivyoniletea polisi, mahali palipovunjika, nusu ilikuwa inang'aa kwa kuvunjika upya na nusu ilikuwa nyeusi, imevunjika siku nyingi. Ndani ya ile nyeusi rangi yangu nyekundu ilikuwa bado imo.

Nimemweleza Mbula jana. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza kama wale mbuzi walioliwa kwao bei yake ilikuwa roho ya Mzee Ndolo. Hajanisemesha tena tangu hapo, ila chakula ananiwekea.

Leo asubuhi nimempelekea Bwana Jonah vipande vyote viwili, ambavyo nilikuwa nimevifungia kwenye kabati langu la vifaa, na nimemwandikia haya haya kwa mkono wangu. Amesema kesho saa mbili tunakwenda pamoja kituo cha polisi. Sijui watanifanya nini, na siombi mniombee nipunguziwe. Nikitoka huko, au nikiruhusiwa, nitakwenda kwa mjane wa Mzee Ndolo. Nakuomba usimwambie wewe. Hilo ni langu.

Nisalimie Mwaitu, na umweleze taratibu, presha yake isipande. Salimia watoto wako wote, na majirani walioniuliza hali. Muthama simtumii salamu, kwa sababu sijui nianzie wapi kumsalimu mtu niliyemfanyia hivi. Msomee tu barua hii yote, na usiruke sehemu yoyote kwa kunihurumia. Akikataa kuisikiliza, basi mwambie neno moja tu kabla hajainuka: hakusinzia. Alikuwa macho, na usukani ulivutwa kushoto kama alivyosema.

Mimi mdogo wako, ninayeona haya kujiita hivyo,

Kisilu