Vifuko vya Matopetope

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mtopetope wako umezaa tena, ule ule wa kando ya bomba, hapa nyumbani Mbagala. Nimehesabu kumi na moja. Kunguru nao wameshahesabu, maana asubuhi walikuwa wamejipanga ukutani wananitazama. Wananijua hao. Msimu uliopita niliwalisha mimi.

Ulipolala ukawa huwezi tena kutoka nje, uliniomba kitu kimoja tu: nikufungie matopetope yako vifuko, vile ulivyovishona mwenyewe kwa kanga zilizochakaa, kila tunda na kifuko chake, kamba inakazwa kwenye kikonyo. Chakula kilikuwa hakipiti. Ulisema labda topetope litapita, na ulilitaka la mti wako. Nikaitikia. Lakini narudi kutoka kazini Kurasini nimechoka, na kuuvisha mti vitambaa niliona ni mambo ya kizee. Kila nikiingia kukusalimia unauliza, "Idi, umefunga?" Nami najibu, "Nimefunga, mama, usiwe na wasiwasi." Nilikuwa najibu hivyo huku navua viatu.

Kunguru walikula yote, Mama. Lile kubwa la upande wa jikoni walilitoboa siku lilipoanza tu kulainika. Nikakwambia bado hayajaiva. Mpaka unaondoka nilikuwa nakwambia bado hayajaiva.

Na wageni waliokuja kukujulia hali uliwaambia, "Idi ananitunzia matopetope yangu." Nikainamisha kichwa. Wakadhani naona haya kwa kusifiwa.

Baada ya arobaini, dada Rukia alitoa godoro lako alianike. Akaniita nimsaidie. Juu ya chaga, pale ulipokuwa unalala, kulikuwa na vifuko. Vyote tisa, vimefuliwa, vimekunjwa, kamba zimezungushwa vizuri. "Kumbe mama alikuwa anavilalia hivi," akasema, akaendelea kukung'uta godoro. Hajui kitu. Mimi nilikwenda bafuni nikafungulia maji asinisikie.

Ulikuwa unaniuliza kila siku kama nimefunga, na vifuko unavyo wewe! Nimefikiri sana, Mama. Hukuwa unanitega, si tabia yako. Ulikuwa unangoja niseme, "Mama, vifuko viko wapi?" Hilo tu. Sikuuliza hata siku moja.

Naona aibu. Naona aibu hata kwa wale kunguru.

Leo nimeamkia mtini. Vifuko tisa nimevifunga, na viwili vilivyopungua nimevishona kwa mkono kutoka kwenye kanga yako ya kijani. Mshono umekwenda upande, ungenicheka. La kwanza likiiva nitampelekea dada Rukia, na kabla hajalimega nitamweleza yote, hata akinifukuza. Nakuahidi.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, Mama. Nimefunga. Safari hii nimefunga kweli.

Mwanao,
Idi